Muuza Omena na Sukari Isiyotulia

Busia mtu akikonda ghafla, majirani huwa na majibu matatu tayari. La kwanza husemwa kwa sauti ya chini, kwa kuwa mji huu uko mpakani mwa Kenya na Uganda, kando ya barabara kuu ya malori, na umezika wengi waliokufa kwa Ukimwi. La pili humtafuta mchawi: mke mwenza, mwenye kibanda cha jirani, shemeji aliyenyimwa kipande cha shamba. La tatu ndilo la siku hizi, na halina aibu kubwa: "Ni sukari hiyo." Jibu la nne, la tezi iliyo shingoni, halimjii mtu, hata baadhi ya wale wanaovaa koti jeupe. Kisa hiki ni cha jibu hilo la nne. Si cha mtu mmoja. Nimekisuka kutokana na mambo yanayowapata watu wazima wenye kisukari, ndiyo maana wahusika wake hawana majina. Dalili, dawa na hatari zilizomo ni za kweli.

Palikuwa na mama wa miaka arobaini na kitu, muuza omena katika soko la Busia. Mzigo wake ulikuja alfajiri kutoka Port Victoria na Sio Port, naye akaupima kwa gorogoro hadi jua la saa sita. Wateja wake wakubwa walikuwa Waganda, ambao omena wao huiita mukene, na waliijua sauti yake kabla hawajauona uso wake. Kifungua mimba wake, binti wa miaka ishirini na mitatu, alishika pesa na kufunga mifuko.

Sukari yake iligunduliwa nyumbani. Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 na kuwapa mikoba yenye mashine ya presha na glukomita. Mhudumu wa mtaa wao alipopita, alimchoma mama kidole, na mashine ikasoma 14. Mama hakuwahi kupimwa sukari maishani. Hilo si ajabu: uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba karibu Wakenya 9 kati ya 10 walikuwa hawajawahi kupimwa. Alipelekwa kliniki, akapimwa tena kabla ya kula, akapewa metifomini na maelezo ya chakula. Alitii. Alipunguza chai ya sukari nyingi, akaacha mandazi ya asubuhi, akatembea kwa miguu kutoka nyumbani hadi sokoni. Kwa zaidi ya mwaka sukari yake ya asubuhi ilisimama kati ya 6 na 7, na kadi yake ya kliniki ilikuwa safi kiasi cha kuonyeshwa wagonjwa wapya.

Naomba msomaji aishike kadi hiyo akilini. Mtu aliyetulia zaidi ya mwaka, kisha akavurugika bila kubadilisha chakula, dawa wala kazi, mwili wake unaeleza ukweli fulani. Bahati mbaya, aliyekuwa mezani kliniki siku sukari ya mama ilipovurugika hakuwa na nafasi ya kusikiliza.

Mashine ilisoma 15. Mwezi uliofuata, 17. Muuguzi akavua miwani.

"Mama, unakula nini huko nyumbani?"

"Ugali wa mihogo na wimbi, sista. Mboga. Omena."

"Na soda je? Na wali wa matangani?"

Mama akaapa kwa jina la marehemu mama yake kwamba hajaonja soda tangu mwaka jana. Muuguzi akaandika kwenye kadi kwamba mgonjwa hafuati masharti, na dawa ya pili ikaongezwa, glibenklamaidi, ambayo huikamua kongosho itoe insulini zaidi. Simlaumu sana muuguzi mwenye foleni ya wagonjwa hadi nje ya mlango. Ninachokilaumu, na kwa nguvu zangu zote, ni mazoea ya kumdhania mgonjwa wa kisukari kuwa mwongo kabla ya kumdhania kuwa na ugonjwa mwingine. Mama alitoka pale akiwa na dawa zaidi na maneno machache. Tangu siku hiyo hakuna jambo aliloeleza kliniki bila kuulizwa, na kunyamaza huko ndiko kulikokaribia kumuua.

Maana mambo ya kueleza yalikuwepo. Alikula sahani mbili na kusikia njaa baada ya saa moja, na bado akakonda. Mshipi wa gomesi yake, uliokuwa ukimzunguka mara moja, sasa ulizunguka mara mbili na ncha ikabaki. Usiku alilala sakafuni akitafuta ubaridi wa saruji, wakati binti yake amejifunika blanketi. Moyo ulimdunda hadi akausikia masikioni. Choo kilimwita mara nne kwa siku. Hedhi ikawa haba, naye akadhani ni umri. Hasira, ambazo hakuwa nazo, zikamjia kwa jambo dogo tu. Kilichomtia aibu zaidi ni mikono. Akiinua gorogoro kumimina omena mfukoni, mikono ilitetemeka na samaki wakamwagika kandokando, na mteja mmoja wa ng'ambo akamwambia usoni kwamba siku hizi anapunja vipimo. Binti akaichukua gorogoro mikononi mwake bila kusema neno. Mama akahamia kwenye pesa.

Majirani wakaleta majibu yao. Alipimwa virusi, hakuwa navyo. (Kwa aliye navyo na anatumia ARV, kuna jambo la kujua: madaktari wa Kampala waliripoti 2020 kwamba baadhi ya wagonjwa waliobadilishiwa dawa na kuanza dolutegravia walipandwa na sukari, basi naye asiache kupimwa, wala asiache dawa zake.) Mchawi alitafutwa, akalipiwa kuku. Hatimaye mama akafanya wanavyofanya wengi wa mpakani: akavuka. Katika duka la dawa upande wa pili aliuliza vidonge vya sukari vyenye nguvu, akauziwa glibenklamaidi bila kuulizwa kadi. Sasa akawa anameza za kliniki asubuhi na za ng'ambo jioni. Dozi ilikuwa imefika maradufu, na kliniki haikujua.

Kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia kilifunguliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni Februari 2018, ili lori lisimame mara moja tu na karatasi zake zisomwe na nchi zote mbili chini ya paa moja. Malaba nako kuna cha namna hiyo. Ni kazi nzuri. Lakini mgonjwa anayevuka na vidonge mfukoni hana karatasi inayosomwa na upande wowote. Hati ya saruji na chuma inajulikana kote. Hati ya dawa anazomeza mama haijulikani hata na binti anayelala naye chumba kimoja.

Jibu la nne lilipatikana kwa bahati. Muuguzi wa kila siku alikuwa likizoni, na mezani palikaa afisa wa kliniki, msichana mdogo aliyetoka chuoni si zamani. Aliitazama kadi tangu mwanzo, ukurasa kwa ukurasa, kisha akauliza swali ambalo mama hakuwahi kuulizwa.

"Mama, wenzako wakisikia baridi, wewe wasikia joto?"

Mama akamtazama.

"Nyoosha mikono mbele hivi. Tawanya vidole."

Akachukua karatasi moja kutoka kwenye faili na kuilaza juu ya vidole vile. Karatasi ilitetemeka hadi kingo zake zikatoa sauti. Akampa kikombe cha maji, akamwambia anywe funda moja, aliweke mdomoni, alimeze atakapoambiwa. Yeye akainama kutazama shingo kwa pembeni. Mama alipomeza, uvimbe mdogo, laini, ambao hakuna aliyeuona kwa sababu ya nyama ya shingo, ulipanda juu kisha ukashuka. Uvimbe unaopanda na kushuka mtu akimeza hivyo mara nyingi huwa ni wa thairoidi, kwa kuwa tezi hiyo imeshikamana na koromeo. Afisa akauwekea kifaa cha kusikilizia na kusikia mvumo wa damu ikipita kwa wingi. Mapigo ya moyo yalikuwa 118 kwa dakika, na mama alikuwa amekaa kitako nusu saa nzima.

Damu ilitolewa kupimwa TSH na homoni za thairoidi zenyewe. Majibu ya TSH huwachanganya wengi, basi niyaeleze. TSH haitoki shingoni. Hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo ni amri ya kuiambia thairoidi ifanye kazi. Thairoidi ikizidisha, ubongo hunyamaza, na TSH hushuka. Thairoidi ikizembea, ubongo hupaza sauti, na TSH hupanda. Ya mama ilikuwa chini kiasi cha mashine kushindwa kuisoma, na homoni za tezi zilikuwa juu sana. Alikuwa na ugonjwa unaoitwa Graves, kwa jina la daktari Robert Graves wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835: kinga ya mwili inaisukuma thairoidi bila kukoma.

Sasa, sukari inaingiaje hapa? Thairoidi ndiyo inayoamua mwili uchome chakula kwa kasi gani, kama mguu wa dereva wa lori juu ya mafuta. Homoni zake zikizidi, utumbo hufyonza sukari haraka baada ya mlo. Ini hutengeneza sukari na kuimwaga katika damu hata usiku, mtu akiwa hajala kitu. Na insulini, iwe ya mwili wenyewe au ya sindano, huvunjwa upesi na kuondoka kabla haijamaliza kazi. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho inaweza kuongeza bidii na kuuziba pengo hilo. Kwa aliye na kisukari hakuna akiba ya kuzibia. Ndiyo maana metifomini iliyomtosha mama mwaka mzima ilishindwa ghafla, na ndiyo maana kumwongezea dawa za sukari bila kuigusa shingo kulikuwa kumwaga maji kwenye moto huku mwingine akiendelea kutia kuni.

Kipimo cha sukari ya miezi mitatu nacho kinaweza kudanganya katika hali hii, na watu wanakiamini mno. Husoma sukari iliyoshikamana na seli nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida huishi takribani siku 120. Thairoidi ikizidi, seli hizo hufa mapema, na kipimo husoma chini kuliko ukweli. Ikizembea, husoma juu kuliko ukweli. Ongeza juu yake upungufu wa damu na selimundu, ambavyo si vigeni katika ukanda huu wa malaria kuelekea ziwani, na utaona kwa nini daktari makini hulinganisha kipimo hicho na vile vya kidole vya asubuhi na baada ya kula.

Mama alipoelezwa, aliuliza swali la haki: "Basi ni mihogo, daktari? Au ni chumvi?"

Watu wa Busia wana sababu ya kuuliza hivyo, kwani ugali wa hapa una mihogo ndani yake. Mihogo isiyoandaliwa vizuri huzalisha mwilini kemikali inayoizuia thairoidi kuchukua iodini. Watafiti wa Kibelgiji waliofanya kazi katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, waliliona hilo waziwazi: pale ambapo iodini ilikuwa haba na mihogo ndiyo chakula, rovu, yaani uvimbe wa thairoidi, zilijaa vijijini. Lakini mihogo peke yake, iliyovundikwa na kuanikwa ipasavyo, kwa mtu anayepata iodini ya kutosha, haiwi mkosaji. Kenya imekuwa ikitia iodini kwenye chumvi ya mezani tangu miaka ya 1970. Anayekosa ni yule anayepikia chumvi ya majivu peke yake, munyu wa kienyeji ulainishao mboga, bila ya ile ya pakiti.

Na kuna upande wa pili ambao hausemwi. Iodini ikiingia kwa wingi na kwa ghafla mahali ilipokosekana miaka mingi, watu wazima wenye rovu za zamani wanaweza kupatwa na thairoidi iliyozidi. Iliripotiwa Zimbabwe na pia Kivu katika miaka ya 1990, chumvi yenye iodini ilipofika. Hiyo si sababu ya kuikimbia chumvi ya pakiti, kwa maana faida yake kwa akili za watoto ni kubwa kupita kiasi. Ni sababu ya kuzikataa chupa za matone ya iodini na unga wa "kumaliza goita" unaotembezwa stendi ya matatu. Mwenye rovu asijitibu kwa iodini.

Mama alipewa kabimazoli ya kuizuia tezi isitengeneze homoni, na propranolo ya kutuliza moyo na mikono. Afisa alimwonya kwamba akipata homa na koo la kuuma aache kabimazoli mara moja na aje apimwe damu, kwani dawa hiyo mara chache huangusha seli nyeupe za kinga. Akamwambia pia jambo la pili, na hili ndilo moyo wa kisa hiki: "Mama, tezi ikitulia, sukari yako itashuka. Rudi baada ya wiki mbili tupunguze dawa za sukari. Ukichelewa, zitakushusha mno." Kisha akauliza kama kuna dawa nyingine anazotumia.

Mama akakumbuka miwani iliyovuliwa na maneno yaliyoandikwa kwenye kadi. Akasema hapana.

Wiki mbili zilipofika, omena ilikuwa nyingi na bei nzuri. Mama alijisikia mzima. Mikono ilikuwa imetulia. Alikuwa ameirudisha gorogoro mikononi mwake na kumimina bila kumwaga hata samaki mmoja, mbele ya yule mteja wa ng'ambo. Nguo zilianza kumshika tena. Nani angepanga foleni kliniki siku ya namna hiyo? Akasema atakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa nyingine.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili wa dawa hizo aliamka saa kumi, akameza vidonge vyake vyote, hakula, akaenda kupokea mzigo. Ilipofika saa moja jasho lilikuwa linamtiririka. Mtu ambaye sukari imemshuka kwa kawaida huonywa na mwili: moyo hudunda, mikono hutetemeka, jasho hutoka, njaa humshika. Propranolo, iliyomfaa sana kwa tezi, huziba mlango wa maonyo mawili ya kwanza. Jasho lilibaki, lakini miezi mingi lilikuwa rafiki yake wa kila siku. Alidhani ni thairoidi tu. Akaanza kujibu wateja maneno yasiyohusiana. Binti akadhani ana hasira. Kisha mama akaanguka kando, na mkono wake wa kushoto ukaangukia jiko la makaa la muuza chai wa kibanda cha pili.

Mtu akakimbia na chupa ya soda. Kijana wa bodaboda akamzuia mkono, kwa kuwa mama yake mwenyewe ana sukari na aliwahi kufundishwa: aliyezimia hatiwi kitu mdomoni, kitaingia mapafuni. Angekuwa na fahamu, vijiko vitatu vya sukari katika maji au nusu glasi ya soda ndiyo dawa, na kupimwa tena baada ya dakika 15. Kwa aliyezimia ni kumlaza ubavu na kumkimbiza. Alimbeba kwa bodaboda, binti akiwa nyuma amemshikilia. Hospitalini glukomita ilisoma 1.8. Walimtia dekstrosi kwenye mshipa, na dakika chache baadaye mama akafumbua macho na kuuliza nani amebaki na mzigo.

Hapo familia nyingi huomba ruhusa ya kurudi nyumbani. Daktari wa zamu alikataa, na alikuwa na haki. Glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu na kuendelea kuikamua kongosho. Aliyezinduka saa mbili asubuhi anaweza kuzimia tena saa nne usiku. Ndivyo ilivyokuwa: usiku ule sukari ilishuka tena hadi 2.6, akiwa kitandani mbele ya muuguzi, siyo kwenye mkeka wa nyumbani ambako angelala moja kwa moja. Kwa sababu ya hatari hiyo, Shirika la Afya Duniani linashauri dawa hii isitumiwe kwa wenye zaidi ya miaka 60, na mahali pengi sasa wanatumia nyingine za jamii yake zisizoshusha hivyo.

Binti alirudi nyumbani kuleta nguo, akakuta mfuko wa vidonge vya ng'ambo ndani ya sufuria. Akauleta wodini na kuuweka kitandani. Mama aliutazama, akageuza uso ukutani. Daktari hakumgombeza. Alihesabu vidonge, akaandika, akasema, "Asante, mama. Sasa naelewa."

Mkono ulichukua miezi kupona. Kidonda cha moto kwa mwenye sukari hutunga usaha upesi, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki tena. Anapima omena kwa mkono mmoja. Dawa ya sukari aliyobaki nayo ni metifomini peke yake, ile ile ya mwanzo, kwa dozi ile ile.

Afisa wa kliniki aliomba kitu kimoja zaidi: ndugu. Maradhi ya kinga inayoshambulia thairoidi hutembea katika familia, wanawake wakiguswa mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na hayatoki kwa sura moja. Mama alikuwa na mdogo wake Malaba, mwenye hoteli ndogo ya madereva wa malori, wale wanaolala kwenye foleni na kuamka wakitaka chapati na maharagwe. Huyu alikuwa amenenepa. Alisinzia mchana juu ya meza, alivaa sweta saa saba za jua, choo kilimpata kwa tabu, ngozi ilimkauka na sauti ikawa nzito. Watu wa Malaba walimpongeza: biashara imemkubali. Lehemu yake ilikuwa juu, na kipimo cha miezi mitatu kilisema sukari inanyemelea. TSH yake ilikuwa imepanda mara kumi ya kawaida. Kinga ya dada mkubwa ilisukuma tezi. Ya dada mdogo ilikuwa inaila tezi polepole, ugonjwa aliouandika daktari wa Kijapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912.

Alipewa levothairoksini, homoni ya kuziba pengo, na miezi miwili baadaye TSH ilikuwa bado juu. Yeye naye angeweza kuandikiwa kwamba hafuati masharti. Afisa akamwomba aeleze asubuhi yake tangu anapoamka. Alimeza kidonge pamoja na chai ya maziwa, na juu yake kidonge cha madini chuma alichopewa kwa upungufu wa damu. Maziwa, madini chuma na chakula huizuia dawa hii kuingia. Alihamishia kidonge saa kumi na moja alfajiri kwa maji matupu, chai nusu saa hadi saa moja baadaye, madini chuma jioni. Baada ya wiki nane TSH ilishuka, lehemu ikafuata, na kipimo cha sukari nacho kikapungua, kwa kuwa sehemu ya kile kilichoonekana kisukari kinachokuja ilikuwa ni seli nyekundu zilizochelewa kufa.

Lau angekuwa tayari anatumia insulini, hadithi yake ingehitaji uangalifu wa kinyume. Thairoidi inapozembea, insulini hukawia mwilini na sukari hushuka bila kutarajiwa. Ukianza kumpa homoni, mahitaji ya insulini huongezeka. Ndiyo maana kila badiliko la dawa ya thairoidi linadai mashine ya sukari itoke kabatini mara nyingi zaidi, na TSH ipimwe tena baada ya wiki sita hadi nane.

Siombi kila mwenye kisukari Busia apimwe TSH kila mwezi. Pesa hiyo haipo na haina haja. Aliyepatikana na kisukari cha aina ya kwanza apimwe mapema, kwa sababu kinga inayokula kongosho mara nyingi huiwinda na thairoidi. Mtu mzima mwembamba anayeambiwa ana aina ya pili lakini vidonge vinamshinda mapema, na ana ndugu mwenye rovu, aangaliwe upya aina yake. Wa aina ya pili apimwe TSH pale sukari inapovurugika bila sababu, lehemu inapokataa kushuka, shingo inapovimba. AMPATH, ushirikiano uliozaliwa Eldoret kati ya Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi na vyuo vya nje, ulianza magharibi ya Kenya kwa Ukimwi mwaka 2001 na baadaye ukaingia katika kisukari na presha, hadi vijijini. Njia ya kumfikia mgonjwa ipo, basi. Kinachokosekana katika vyumba vingi vya kliniki ya sukari ni kikombe cha maji, karatasi moja, na dakika mbili za kuitazama shingo ikimeza.

Binti yule aliolewa Nambale mwaka uliofuata. Alipokwenda kliniki ya wajawazito mara ya kwanza, mimba ikiwa ya miezi mitatu, hakusubiri kuulizwa. Alimwambia muuguzi kwamba mama yake ana sukari, na kwamba mama yake na mama mdogo wote wawili wana thairoidi, kila mmoja kwa upande wake. Muuguzi akaandika yote, akamtolea damu ya sukari na ya TSH siku hiyo hiyo.